UZI: Studio bila posho ni studio ya mwenye nazo. Tujadili residensi na ruzuku kwa wachoraji na wachongaji chipukizi

#1 RangiMbichi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila msimu wa matangazo ya residensi (nafasi za msanii kwenda kukaa na kufanya kazi mahali kwa muda) ukiingia naona mkasa ule ule. Chipukizi anatuma maombi, anakubaliwa, pongezi zinamiminika, kisha akiisoma barua mara ya pili anakuta alichopewa ni chumba na ufunguo. Vifaa ajitegemee, nauli ajitegemee, kula yake ajijue, na kodi ya kule anakoishi haijasimama kumngoja arudi. Mwenye ndugu wa kumshika mkono anakwenda. Asiye naye anaandika barua ya shukrani, anakataa kistaarabu, na nafasi inamwangukia wa akiba, ambaye mara nyingi ni mtu aliyekuwa na uwezo tangu mwanzo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga apinge: anayetaka kumsaidia msanii anayeanza, amlipe muda wake kwanza. Chumba, warsha, maonyesho ya mwisho, katalogi, hotuba ya mgeni rasmi, vyote vifuate baadaye.

Mfano ninaoupenda ni wa Jacob Lawrence, mchoraji wa Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alipata ruzuku ya mfuko wa Rosenwald. Akapanga studio ya kumtosha. Kwa nini nafasi ilikuwa muhimu? Kwa sababu alikuwa na vibao 60 vya kuchora kuhusu Wamarekani weusi waliohama kusini kwenda miji ya kaskazini, na hakuvichora kimoja kimoja. Alivipanga vyote, akapitisha rangi moja kwenye kila kibao ilipohitajika, akaanza na nyeusi, kisha rangi inayofuata, hivyo hivyo hadi mwisho, ili vyote 60 visome kama kazi moja. Hilo hulifanyi pembeni mwa kitanda baada ya kutoka kibaruani. Mwaka 1941 kazi ikawa tayari, na leo nusu iko kwenye jumba la sanaa la MoMA kule New York na nusu iko kwenye jumba la Phillips Collection, Washington.

Na kabla ya hapo? Alikuwa ameajiriwa kuchora kwenye mpango wa serikali wa Federal Art Project, ulioanza 1935 wakati uchumi wa Marekani umelala chini. Yaani mtu alikuwa ameshazoea kulipwa ili achore. Watu wanasimulia kipaji cha Lawrence na kuiruka mishahara. Mimi naanzia kwenye mishahara.

Karibuni.

#2 FremuTupu

Natia nanga hapa. Umegusa kidonda, mkuu.

#3 PatasiNaNyundo

Mleta uzi nakuheshimu ila hapa napinga. Unaongea kama mchoraji. Mchoraji akipewa pesa anaweza kununua karatasi akachora hata varandani. Sisi wachongaji na watu wa udongo pesa bila chumba haitusaidii kitu. Nitaweka wapi jiwe la kilo mia mbili? Tanuri nitaliwasha kwenye nyumba ya kupanga? Mashine ya kukatia ikilia dakika kumi tu mwenye nyumba ameshafika mlangoni.

Historia nayo iko upande wangu. La Ruche ya Paris, 1902: mchongaji Alfred Boucher alinunua banda lililokuwa la mvinyo kwenye maonyesho makubwa ya 1900, akalisimamisha upya, akaligawa vyumba vya studio, akapangisha kwa bei ya chini mno. Hakuna posho, hakuna jopo la uteuzi, hakuna andiko la kueleza kazi yako. Walipita humo wasanii waliokuja kuvuma: Chagall, Soutine, Léger, Modigliani. London nao, 1968, wachoraji Bridget Riley na Peter Sedgley walianzisha SPACE, shirika la studio za wasanii, kwa kuingia kwenye maghala ya bandari ya St Katharine yaliyokuwa yamekaa bure. Miaka minne baadaye, 1972, wakaja Acme, shirika jingine la wasanii, wakawa wanachukua nyumba ambazo halmashauri ilipanga kuzibomoa na kuwapa wasanii wakae na kufanya kazi humo.

Chumba ndiyo posho, mkuu. Ukiondoa kodi ya studio kwenye bajeti ya mchongaji umeshamlipa.

#4 RangiMbichi

@PatasiNaNyundo hoja yako nzito, na kwa watu wa tanuri na vyuma nakubali kwamba bila eneo hakuna mazungumzo. Lakini angalia vizuri hiyo La Ruche uliyoileta. Wanaosimulia habari zake wanasema Boucher hakuwa mtu wa kumfukuza aliyeshindwa kodi. Kodi usiyofukuzwa kwa kutoilipa hiyo tayari ni ruzuku, mzee alikuwa anawalipa kimyakimya. Na bado Soutine aliishi njaa kali humo. Tunawakumbuka walioivumilia njaa wakatoka. Walioshindwa wakarudi kwao kutafuta kazi nyingine hatuna hata majina yao, ndiyo maana La Ruche inaonekana imefaulu sana.

Ngoja nitenganishe kidogo, maana neno residensi tunalitumia kwa vitu visivyofanana.

Kuna warsha fupi. Mfano wa Triangle, iliyoanzishwa na mchongaji Anthony Caro na Robert Loder jimboni New York mwaka 1982: wasanii wanakutana wiki mbili hivi, wanafanya kazi bega kwa bega, wanatawanyika. Kwa wiki mbili mtu anaweza kuomba ruhusa kazini, kwa hiyo posho haileti kilio. Mbegu ile imeota sehemu nyingi, Bag Factory ya Johannesburg 1991, Gasworks ya London 1994, Kuona ya Nairobi 1995, na nyingi kati ya hizo zikawa studio za kudumu.

Kuna za kujificha. MacDowell, New Hampshire, tangu 1907. Vibanda msituni, kila mtu na chake, na chakula cha mchana kinaletwa kwenye kikapu kinaachwa mlangoni ili usisumbuliwe. Watu wanakicheka hicho kikapu. Mimi nakiona ni fikra ya mtu aliyeelewa kwamba siku ya kazi hukatwa vipande na mambo madogo.

Halafu kuna hizi mbili ambazo ningependa kila mwenye pesa azisome kabla hajatangaza ya kwake.

Rijksakademie ya Amsterdam: unakaa hadi miaka miwili. Unapewa studio, unapewa posho ya kuishi, unapewa bajeti ya kazi, na chini kuna karakana za mbao, vyuma, keramiki, uchapaji, zenye mafundi wenyewe. Hapo @PatasiNaNyundo unapata jiwe lako na unapata kula. Miaka miwili ina maana unaweza kuharibu wa kwanza. Wanaotoa residensi za wiki sita na kudai maonyesho mwishoni hawajui wanalazimisha nini: mtu anarudia kile alichokuwa anakijua, kwa sababu hana muda wa kujaribu kitu kikamshinda.

Ya pili ni Studio Museum in Harlem, iliyofunguliwa 1968. Hilo neno studio halikuwekwa kwa urembo, mchoraji William T. Williams ndiye aliyetoa wazo kwamba jumba la makumbusho liwe na wasanii wanaofanya kazi humo humo. Kwa miaka mingi wamekuwa wakichukua watatu tu kwa mwaka, na wanawalipa. Watatu! Sasa soma waliopita, majina makubwa leo: David Hammons, Kerry James Marshall, Julie Mehretu, Kehinde Wiley, Wangechi Mutu, Njideka Akunyili Crosby. Jumba linamjua msanii mapema, linamwona akifanya kazi, na akitoka tayari kuna watu wa kumtetea. Wiley mwenyewe akaja kufungua Black Rock, Dakar, 2019, naye anapokea wasanii. Aliyelishwa akageuka mlishaji.

#5 KitambaaChaIndigo

Naomba nami niseme, maana huwa tunasahaulika. Mimi ni mama, nina mapacha wadogo. Hata wakinipa posho ya kifalme siwezi kwenda miezi mitatu bara jingine. Nimeacha kusoma matangazo. "Msanii aishi kwenye eneo la residensi kwa muda wote, wageni hawaruhusiwi kulala." Basi nimeelewa, hawanitaki.

Nikipata ruzuku ya kukaa hapa hapa nilipo, nikamlipa mtu ashike watoto asubuhi nne za wiki, kazi ningefanya zaidi ya hao wanaopanda ndege.

#6 RangiMbichi

Dada @KitambaaChaIndigo hapo umeongea kitu ambacho waandaaji wengi hawataki kusikia, kwa sababu msanii aliyebaki kwake hapigiki picha nzuri ya ripoti. Mtindo wa kumpeleka msanii mbali ni wa zamani sana. Tuzo ya Prix de Rome ya Ufaransa ilianza 1663: mshindi anapelekwa Roma kwa gharama za mfalme, anakaa miaka. Wanawake hawakuruhusiwa hata kushindana mpaka 1903, na wa kwanza kuishinda kwa uchongaji, Lucienne Heuvelmans, alipatikana 1911. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya kijana wa kiume asiye na mtoto mgongoni, na kanuni nyingi za leo bado zinamwona huyo huyo.

Kwa hiyo ndiyo: ruzuku ya kukaa nyumbani, na mstari wa malezi ya mtoto kwenye bajeti. Kama fomu haina mstari huo, uandike mwenyewe. Kuna waandaaji wanaokubali wakiombwa, tatizo hakuna anayeomba.

#7 KalamuYaRisasi

Nimekaa kwenye majopo ya uteuzi, mara kadhaa, sehemu tofauti. Acha niwape siri za jikoni maana naona chipukizi wengi wanakufa kwenye fomu kabla hata ya kufika kwenye suala la posho.

Picha za kazi zako ndizo zinazotazamwa kwanza, na haraka mno. Mzunguko wa kwanza jopo lina mamia ya maombi. Ukileta picha kumi za mambo kumi tofauti, mandhari, sura ya rais, katuni, nembo ya kampuni, tunaona fundi wa kila kitu. Leta kumi zinazozungumza lugha moja, hata kama unazozipenda zaidi zinabaki nje. Piga picha mchana kwenye kivuli, kazi ikiwa imesimama wima, bila kioo cha fremu kinachoakisi sura yako. Kwa mchongaji, pembe mbili na moja ya karibu. Andika ukubwa, nyenzo na mwaka kwa kila kazi. Hamuwezi kuamini ni wangapi hawaandiki ukubwa, tunabaki kubahatisha kama ni ukuta au ni kadi ya posta.

Andiko. Jamani. "Kazi yangu inachunguza utambulisho, kumbukumbu na nafasi ya mwanadamu." Sentensi hiyo nimeisoma mpaka naiota. Niambie unafanya nini kwa mikono yako. "Nachapa kwa vibao vya mbao vilivyovunwa kwenye milango mikuukuu, na kinachonishinda ni kwamba mashine niliyo nayo ni ndogo kuliko mlango." Umenimaliza hapo hapo. Najua unafanya nini, najua kwa nini unahitaji studio YETU yenye mashine kubwa, na nina cha kuwatetea wenzangu wakichoka saa kumi jioni.

Bajeti nayo. Watu wanajaza rangi, kanvasi, brashi, wanafunga. Wanadhani kujiwekea ujira ni ulafi. Kinyume chake, ukituletea bajeti isiyo na mtu ndani yake tunajiuliza huyu atakula nini, au tunaona hajawahi kuendesha mradi. Weka ujira wako. Weka viza na safari ya kwenda kuifuata hiyo viza. Weka kusafirisha kazi KURUDI, na ushuru wake, maana kuna watu wameacha kazi zao za miezi mitatu kwenye stoo za watu kwa kukosa nauli ya kasha.

Na msikate tamaa kwa barua ya kukataliwa. Kura za jopo hutofautiana kwa nywele. David, yule mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alishindwa Prix de Rome mara kadhaa kabla ya kuipata 1774.

#8 FremuTupu

Hiyo ya mlango nimeiiba 😂

#9 KalamuYaRisasi

Usiiibe, tutaijua.

#10 MzeeWaPembeni

Nimesoma yote. Swali langu la uchokozi: mkishalipwa muda, nani anahakikisha mnafanya kazi? Uholanzi walijaribu. Walikuwa na mpango unaoitwa BKR, serikali inawapa wasanii kipato nao wanatoa kazi zao. Uliishia 1987, maghala yamefurika michoro ambayo hakuna aliyejua aipeleke wapi. Msanii anayelishwa na serikali hupoteza makali. Soko ndilo linalochuja.

#11 RangiMbichi

Shikamoo mzee. Mfano wako ni wa kweli, ila nadhani unathibitisha hoja yangu badala ya yako. BKR haikulipa muda, ilinunua vitu. Ukimwambia mtu kipato chako kinategemea idadi ya vitu utakavyoleta dirishani, ataleta vitu. Maghala kujaa ni matokeo ya kanuni yenyewe, uvivu wa wasanii hauhusiki.

Linganisha na Ireland. Mwaka 2022 walianza majaribio ya kipato cha msingi kwa wasanii: watu 2,000, euro 325 kwa wiki, miaka mitatu. Hawakudaiwa idadi ya kazi. Waliotimiza sifa walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na kundi jingine lisilolipwa likafuatiliwa ili wapime tofauti. Bahati nasibu inawaudhi wengi, @KalamuYaRisasi najua inakuuma, lakini ina heshima yake: hakuna anayebadilisha michoro yake ili imfurahishe mjumbe wa jopo.

Kuhusu soko kuchuja: soko linachuja wanaofika sokoni. Chipukizi anaondoka kabla. Na kwa uzoefu wa nyuma ya pazia, soko humpenda msanii wa aina moja, yule anayerudia picha iliyouzika jana. Nani atalipia mwaka wa kujaribu kitu kipya?

#12 MzeeWaPembeni

Marahaba. La kununua vitu nimekuelewa. La soko bado, ila nitalala nalo.

#13 UdongoMwekundu

Samahanini kuingilia. Hivi "chipukizi" mwisho umri gani? Mimi nimeanza baada ya kustaafishwa. Matangazo mengi yanasema mwisho miaka 35.

#14 KalamuYaRisasi

Hicho kikomo cha umri mimi nakipiga vita kila ninapoitwa. Uchipukizi uhesabiwe kwa miaka ya kazi. Tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza iliweka kikomo cha miaka 50 mwaka 1991, ikakiondoa 2017. Mwaka huo huo ikachukuliwa na Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na miaka 63. Alikuwa anachora kwa miongo mingi, mlango ndio ulikuwa umefungwa. Wewe tafuta tangazo linalosema "miaka mitano ya kwanza ya kazi" au linalokaa kimya kuhusu umri, kisha tuma.

#15 KitambaaChaIndigo

Na ada za maombi je? Kuna wanaotoza kila anayeomba.

#16 RangiMbichi

Piga hesabu kabla hujalipa. Waombaji mia tano, nafasi nne, ada mara mia tano. Wakati mwingine ukijumlisha unakuta waliokataliwa ndio wanaolipia posho ya waliokubaliwa, na baki inabaki ofisini. Taasisi yenye mfadhili wa kweli haina sababu ya kukamua chipukizi. Ndogo kabisa zinazojiendesha zenyewe naweza kuzielewa zikiomba kiasi cha kumlipa anayechambua fomu, lakini waseme hivyo wazi.

Tena kuna hii ya "utapata kujulikana". New York kuna wasanii walioanzisha kikundi cha W.A.G.E. mwaka 2008 kupambana na hilo. Wana kikokotoo: ukubwa wa bajeti ya taasisi ndio unaoamua kima cha chini cha kumlipa msanii. Sipendi kila wanachosema, ila hicho kikokotoo kinakata maneno. Huwezi kuniambia huna cha kunilipa wakati bajeti yako ya mwaka iko mezani.

#17 UinoWaKijani

Wakuu nimesubiri mpaka mwisho niulize langu. Nimekubaliwa residensi ya miezi miwili, studio na posho vipo. Lakini mkataba unasema "msanii ataacha kazi moja kwa ajili ya mkusanyiko wa taasisi", na kwamba picha za kazi zote zitakazotengenezwa humo taasisi inaweza kuzitumia "kwa njia yoyote, milele". Nisaini?

#18 PatasiNaNyundo

Hapo ndipo posho inaporudishwa kwa mlango wa nyuma.

#19 KalamuYaRisasi

Kuacha kazi moja ni desturi ya sehemu nyingi, si lazima iwe wizi. Uliza yafuatayo kwa barua pepe, siyo kwa simu: nani anachagua hiyo kazi, wewe au wao? Wanaweza kuiuza? Wakiiuza unapata nini? Ukiihitaji kwa maonyesho watakuazima? Kama posho yote ni ndogo kuliko bei yako ya kawaida ya kazi moja, basi hawakupi ruzuku, wananunua kwa bei ya kutupa.

Kuhusu picha, "milele" na "njia yoyote" omba vifutwe. Waandike kutangaza residensi na kumbukumbu zao tu, jina lako liambatane. Kuchapa kazi yako kwenye fulana na kuuza kuwe na mkataba mwingine.

#20 UinoWaKijani

Mrejesho: nimewaandikia. Wamekubali mimi ndiye nichague kazi, na haitauzwa bila idhini yangu. Kwenye picha wameweka miaka mitano badala ya milele. Nauli ya kurudisha kazi nyumbani wamegoma kabisa, nitachora kwenye kanvasi zisizowambwa nizikunje nibebe kwenye bomba. Posho wanasema italipwa kwa awamu tatu.

#21 RangiMbichi

Awamu ya kwanza iingie kabla hujakata tiketi. Iandikwe kwenye mkataba, na tarehe yake.